Nesi Amerudi Darasani

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unajua jambo moja. Kukaa darasani huku watoto wanakungoja nyumbani si mchezo. Tena wapo watu wanaocheka. Leo tunakueleza habari za mtu mwingine aliyerudi darasani ukubwani. Yeye ni nesi, yaani muuguzi.

Nesi huyo tunamfahamu. Alifanya kazi miaka 14 katika wodi ya wagonjwa mahututi, kwenye hospitali moja kubwa. Mgonjwa mahututi ni yule ambaye maisha yake yako hatarini. Ukichelewa kidogo tu, unampoteza.

Kazi ya wodi hiyo

Katika wodi ya kawaida nesi mmoja huhudumia wagonjwa wengi. Katika wodi ya mahututi inatakiwa nesi mmoja awe na mgonjwa mmoja, au wawili. Kwa nini? Kwa sababu wengi wao hawawezi kusema. Wengine wanapumua kwa msaada wa mashine. Basi nesi ndiye anayekuwa macho na mdomo wa mgonjwa. Anahesabu pumzi zake. Anapima presha na mapigo ya moyo. Anapima mkojo kila saa. Anafyonza makohozi ili njia ya hewa isizibe. Kila baada ya saa mbili hivi anamgeuza, ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja.

Kwa nini alirudi shule?

Usiku mmoja nesi huyu alikuwa zamu na binti mwanafunzi wa uuguzi. Alitazama karatasi ya mgonjwa. Binti alikuwa ameandika pumzi 20 kwa dakika, saa baada ya saa. Lakini nesi alipomtazama mgonjwa, alimwona anahema haraka haraka. Akahesabu mwenyewe. Zilikuwa 36! Daktari aliitwa mbio, na mgonjwa akapona.

Kumbe binti hakuhesabu. Aliandika tu. Nesi alimgombeza mpaka akalia. Lakini siku ya pili binti alirudia kosa lile lile. Hapo nesi akajiuliza, "Mimi nimemfundisha nini huyu? Nimemfundisha kuniogopa tu."

Kujua kazi na kufundisha kazi ni mambo mawili. Muulize bibi anayepika wali mtamu anatia chumvi kiasi gani. Atakuambia, "We tia tu, utaona." Mikono yake inajua, lakini mdomo hauna maneno. Nesi wetu alikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana akaomba ruhusa kwenda kusomea ualimu wa wauguzi.

Anasoma nini huko?

Hapa Tanzania wapo wanaokwenda Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kuzidisha elimu ya uuguzi. Wapo pia wanaokwenda kituo cha CEDHA, Arusha, ambako walimu wa vyuo vya afya hufundishwa kufundisha. Wanajifunza kuandaa somo, kugawa kazi ngumu katika hatua ndogo ndogo, na kufundishia kando ya kitanda cha mgonjwa. Wanajifunza pia kumpima mwanafunzi kwa anachofanya, si kwa anachoandika tu.

Sasa nesi wetu ni mwalimu. Anawapanga wanafunzi wawili wawili, anawapa saa, wanahesabiana pumzi kwa dakika nzima. Halafu anawauliza, "Kwa nini tunahesabu?" Mwanafunzi akijua sababu, haandiki tu.

Je, hakuwaacha wagonjwa?

Swali hili ni la haki. Alipoondoka, wodi ilipungukiwa. Wenzake walibeba zamu zake, na wengine walinung'unika. Hatutaki kuficha hilo. Lakini tuhesabu pamoja. Akiwa wodini alilinda wagonjwa wawili kwa zamu. Tuseme sasa anafundisha wanafunzi 30. Kila mmoja wao akienda kulinda wagonjwa wawili, hao ni wagonjwa 60. Mbegu uliyoipanda hukuila leo, lakini msimu ukifika inalisha nyumba nzima.

Sisi wa kijijini inatuhusu nini?

Inatuhusu sana. Nesi wa zahanati yako alifundishwa na mtu. Akifundishwa vizuri, atahesabu pumzi za mtoto wako kabla ya kumwandikia dawa.

Na wewe pia unaweza kuhesabu. Mtoto akiwa na kikohozi au anapumua kwa shida, subiri atulie, asiwe analia wala kunyonya. Funua tumbo na kifua. Hesabu pumzi kwa dakika moja nzima, ukitazama saa. Pumzi ni za haraka zikifika idadi hii au zaidi:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60.
Wa miezi 2 mpaka asiyetimiza mwaka: pumzi 50.
Wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza miaka 5: pumzi 40.

Hiyo ni dalili ya hatari. Huenda ni homa ya mapafu, wengine huiita kichomi. Usingoje asubuhi. Mpeleke zahanati mara moja. Hata kama hesabu haijafika hapo, ukiona mtoto hawezi kunyonya au kunywa, au anapoteza fahamu, mpeleke vile vile.

Ndugu msomaji, umeona? Hesabu uliyojifunza katika kisomo inaweza kuokoa mtoto. Na wewe ukishajua, mfundishe jirani. Usimgombeze akikosea. Mwoneshe tena.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini nesi huyu aliona kwamba kugombeza si kufundisha?
2. Kazi gani unaijua vizuri lakini hujawahi kumfundisha mtu? Utaanzaje?
3. Nani katika kikundi chenu ana saa? Jaribuni kuhesabiana pumzi leo.