Kodi ya Kijiko cha Asali

Asubuhi ya Idi el-Fitri, pilau ikiwa bado jikoni, mzee mmoja wa Kizaramo alikuwa akija nyumbani kwa babu yangu kudai kodi. Hakupiga hodi. Alisimama katikati ya uwanja, kanzu yake imepigwa pasi mpaka imekakamaa, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Wewe mpagazi! Ardhi ina wenyewe hii!" Babu hakutoka upesi. Alijificha nyuma ya mlango wa chumbani huku sote tukimwona, na bibi akasimama kizingitini kumkana: hayupo, amerudi kwao Tabora na mzigo kichwani. Mzee akaketi chini, akaapa kwamba hatainuka. Mwisho babu alitokeza na kijiko kimoja cha asali, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba pembe ya ndovu. Mzee akafungua kinywa, akalishwa. Kodi imelipwa. Baada ya hapo ndipo walipopeana mkono wa Idi na kuulizana hali za nyumbani.

Babu alikuwa Mnyamwezi. Kazi ya reli ndiyo iliyomleta Dar es Salaam, na alipostaafu alijenga Gongo la Mboto, mahali ambapo aliweza kusikia treni ya bara ikipita. Asali ililetwa na treni hiyo hiyo. Ndugu zake waliipakia Tabora katika madumu, asali nyeusi ya nyuki wa miombo, yenye harufu ya moshi kwa mbali. Nyumbani ilikuwa dawa ya kikohozi, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Kijiko kile cha Idi kilikuwa kijiko kamili, kimejaa mpaka kinachuruzika. Hata mimi, mjukuu wa damu, sikuwahi kupewa kijiko kilichojaa namna ile.

Nilikua nikidhani ni mchezo wa wazee wawili wanaopendana. Haikuwa mbali na kweli. Lakini mchezo huo ulikuwa na mizizi mirefu kuliko urafiki wao, na jina lake kila Mtanzania analijua: utani.

Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakubwa wa misafara iliyotoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo. Walitembea wiki nyingi na pembe za ndovu mabegani, na karibu na mwisho wa safari walipita katika nchi ya Wazaramo. Fikiria mtu yuko njiani, miguu imevimba, homa imempanda, wenzake hawawezi kumngoja. Nani atampa maji? Akifa, nani atamzika, naye hana ndugu hata mmoja upande ule? Wazee hueleza kwamba hapo ndipo utani ulipoota. Mwenyeji na mgeni walifanyana watani: nitakutukana, utanitukana, nitachukua kuku wako bila kuomba, utachukua wangu, na siku ya shida hutakuwa peke yako. Makabila mengine yalifikia utani kwa njia ya vita, yakapigana mpaka yakachoka, kisha yakageuza mikuki kuwa maneno. Wangoni, waliopigana na wengi tangu walipotoka kusini, wana watani karibu kila walikopita.

Mambo haya yaliwavutia hata wageni. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia wa Uingereza, Radcliffe-Brown, aliandika katika jarida la Africa kuhusu mahusiano ya utani, na mwaka 1944 jarida hilo hilo lilichapisha makala ya R. E. Moreau kuhusu utani wa Tanganyika. Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege, kazi yake ilikuwa kule Amani, katika milima ya Usambara. Napenda kumwaza bwana huyo, amekwenda msituni kutafuta ndege, akakuta watu wanaporana kofia na kucheka, na asiweze kupita bila kuuliza.

Makabila tuyaache kwanza. Utani ulionilea mimi ulikuwa wa ndani ya nyumba.

Kwetu baba na mama walikuwa upande wa heshima. Ulipita mbele yao ukiinama kidogo, hukuwakatiza wakizungumza, na haikukupitia akilini kuwatania. Babu na bibi walikuwa upande wa pili kabisa. Kizazi kinachokulea kina kazi ya kukukanya. Kizazi kilichomlea baba yako kimeshamaliza kukanya, sasa kinataka kucheza. Kwa hiyo bibi aliniita mume wangu tangu nikiwa sijaweza kufunga kamba za viatu. Nikitoka shule alinipokea mkoba, akaniuliza mbele ya majirani nimemletea nini mkewe, na ole wangu nikiwa mikono mitupu. Nilijifunza kuokota kitu chochote njiani: ukwaju, ua, hata kipande cha chaki. Alivipokea vyote na kuvifunga katika pindo la kanga. Vilikwenda wapi baada ya hapo sijui, ila hakuna siku niliyokuta hata kimoja jalalani.

Dada yangu alikuwa mke wa babu, na bibi akamwita mke mwenzangu. Ndoa hiyo ilikuwa na vituko vyake vya kila siku. Dada alipomwamkia babu shikamoo, babu aligeuza uso ukutani: mke gani anamwamkia mumewe shikamoo? Dada alirudia, naye akakataa tena, mpaka mara ya tatu ndipo alipoitikia marahaba kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeshindwa. Dada alipoanza kupika chapati, za kwanza zikatoka zimeungua upande mmoja na mbichi upande wa pili. Babu alizila zote, na kila tonge alilomeza alitangaza: "Kesho nakurudisha kwenu!" Dada akamjibu, "Kwetu ni hapa." Maneno hayo mawili yakawa salamu yao kwa miaka mingi. Babu akipiga simu alipokuwa Tabora, hakuanza na habari za leo. Alianza na nakurudisha kwenu.

Tulikuwa watoto tisa katika nyumba ile, kwa hesabu ya wajukuu wote, na kila mmoja alikuwa na kitu chake na babu ambacho hakikuwa cha mwingine. Binamu yangu mmoja alidaiwa ng'ombe. Deni lilitokana na usiku mmoja, akiwa mchanga, alipomkojolea babu kanzu mpya, na kila alipokuja likizo babu alimsomea riba. Mwingine alikuwa daktari wake wa mvi: alikaa nyuma ya kigoda, akang'oa unywele mmoja tu, akalipwa shilingi, basi, mpaka ziara nyingine. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kusikia babu akisema nakupenda. Neno hilo kwa wazee wetu ni zito, halitoki kirahisi, na likitoka mbele za watu linaonekana limevuliwa nguo. Lakini mtoto aliyefika kutoka safari na kukuta mchezo wake unamsubiri palepale alipouacha alijua nafasi yake haijachukuliwa na mtu. Mimi nimeambiwa nakupenda na watu kadhaa maishani. Sijawahi kuwa na uhakika kama nilioupata niliposikia bibi akipaza sauti jikoni, "Mume wangu kaja!"

Dada alipoolewa, babu aliweka kigoda mlangoni na fimbo magotini. Upande wa bwana harusi walikuwa wameshatoa vya kutoa, mahari imekamilika, kilemba cha baba na mkaja wa mama vimepokelewa. Babu akasema hayo ni ya wazazi, yeye ni mume, nani atamfidia mume? Wakaleta shuka. Akaiangalia dhidi ya mwanga kama mteja wa Kariakoo. Wakaongeza kofia, ya kufumwa kwa mkono. Akaivaa, akauliza bei ya chapati zote zilizoungua alizokula tangu mwaka fulani. Vigelegele vikapigwa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na katikati ya kelele zile nikaona mkono wake unavyotetemeka juu ya fimbo. Alisogeza kigoda mwenyewe. Dada alipopita alimwambia, kwa sauti ndogo niliyoisikia kwa kuwa nilikuwa karibu, "Ukichoka nao, kwenu ni hapa."

Utani una mipaka, na wanaoupenda ndio wanaoilinda. Mzaha mzaha hutumbua usaha, wazee walisema, na hawakusema ovyo. Mkwe hataniwi, mama mkwe hata jina lake hulitaji. Ndoa isiyo na mtoto haiguswi, wala kilema cha mtu. Mtani huchukua kuku, hachukui ng'ombe wa pekee aliyebaki zizini. Na anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Akinuna, aibu inamrudia yeye. Nasikia siku hizi matusi ya mitandaoni yakiitwa utani, mtu anamdhalilisha asiyemjua kisha anajitetea kwamba alikuwa anatania. Huo si utani, ninakataa kwa moyo wote. Anayekutania ni yule ambaye ukifiwa lazima aje. Hata mashabiki wa Yanga na Simba, klabu zilizoanza mwaka 1935 na 1936, wanaitana watani wa jadi, na ukifika msiba wa Mwanasimba utawakuta Wanayanga wanachota maji.

Babu alifariki wakati wa masika, usiku. Ndugu wa Tabora walikuwa bado wanatafuta usafiri wakati mzee wa Kizaramo alipoingia uwanjani asubuhi, miguu imejaa tope. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja msumarini alipotundika babu kofia yake, akaivaa, akachukua fimbo, akakaa kwenye kigoda mlangoni. Waombolezaji walipofika aliwazuia kwa fimbo, akawatangazia, "Mnamtaka nani? Hayupo. Amerudi kwao Tabora na mzigo kichwani."

Bibi alikuwa ndani na wanawake, hajatia neno tangu usiku. Alisikia maneno yake mwenyewe, aliyoyasema kila Idi kwa miaka zaidi ya thelathini, yakitoka mlangoni kwa sauti ya mwingine. Akacheka. Kisha kicheko kikageuka, na kilio chake kikatoka chote, na shangazi zangu wakamshika. Mama aliniambia baadaye kwamba usiku kucha walikuwa wanaogopa ule ukimya wake.

Makaburini watani walishika majembe, wakakataa kumalizia mwanandani mpaka walipwe, kwani huyu mpagazi alikuwa na deni la kodi. Baba yangu mdogo akatoa noti. Wakaiona ndogo. Akaongeza. Fedha zile zilirudi jioni kama sukari na mchele wa msibani, na vijana waliodai walikuwa wamechimba tangu alfajiri, mvua ikiwanyeshea, bila mtu wa kwetu kuwaomba. Wote walikuwa wajukuu wa mzee yule. Jeneza lilipotoka nyumbani, wanaume wakipokezana mabegani kama ilivyo ada, mzee alisukuma watu na kushika mbele. Magoti yake yalikuwa mabovu siku nyingi. Wakamsihi aache. Alisema kitu kimoja tu, "Leo zamu yangu." Akabeba hatua kumi au kumi na mbili, kisha akampisha mjukuu wake, akabaki nyuma akitembea polepole na fimbo ya babu.

Watoto wangu mimi wanakua mbali na babu yao, kama watoto wengi wa mjini. Wamebuni michezo yao, na sikatai. Siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, anaamshwa kwa ndoo ya maji kitandani, na mchana wenzake wa shule wanamngoja getini na chupa za maji na unga wa ngano. Mama yao analalamikia godoro. Mimi ndiye ninayejaza ndoo. Nimeona uso wa mtoto aliyesahauliwa siku hiyo, mkavu tangu asubuhi hadi jioni, akipita pita mbele ya watu ili wakumbuke kummwagia.

Nyumba ya Gongo la Mboto bado ipo, bibi ametutoka, sasa humo anaishi shangazi. Mzee wa Kizaramo naye alimfuata mwenzake. Mwaka wa kwanza baada ya hapo nilikwenda Idi kumwamkia shangazi, nikadhani uwanja utakuwa kimya. Pilau haijaiva nikasikia sauti nje: "Wajukuu wa mpagazi! Ardhi ina wenyewe hii!" Nikachungulia. Alikuwa yule kijana aliyepokea jeneza kwa babu yake, sasa mtu mzima, amembeba bintiye mdogo begani. Nikajificha nyuma ya mlango wa chumbani. Shangazi akaenda kizingitini kunikana. Nami huku nyuma nikipapasa kabatini kutafuta dumu, nikamsikia binti yule akimuuliza baba yake kwa nini wamekaa chini, na baba akimjibu ashike vizuri alichopewa, wasije wakaambiwa hakuna chombo.

Nilipotoka na kijiko changu, nikaona mtoto ameshika upawa.