Gemo ilipoingia Gulu, daktari huyu hakukimbia

Hebu tuseme, msomaji, wewe ni mkazi wa Kakuyuni. Jirani yako ameshuka matatu kutoka Malindi akiwa na homa kali. Kesho yake anatapika na kuharisha, macho yamekuwa mekundu, na haipiti wiki anafariki. Habari inapita Ganda, inapita Goshi, inafika Langobaya na Jilore. Jamaa wanakuja na mikeka yao. Wanawake wanamwosha marehemu, na matanga yanaanza kama yalivyoanza siku zote. Wiki ya pili, wale waliomwosha wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Wiki ya tatu ni zamu ya muuguzi aliyemtundikia marehemu maji ya dripu.

Sasa swali. Nani ataingia katika boma hilo kuwapelekea uji waliobaki?

Usinijibu haraka. Barazani, tukiwa tumeshiba na kahawa iko mkononi, kila mtu ni shujaa. Lakini ugonjwa ukigonga mlangoni, hata ndugu wa tumbo moja huanza kusalimiana kwa mbali. Mwaka wa 2020 tuliyaona haya kwa macho yetu. Mnamo Aprili serikali ilipopiga marufuku watu kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa kwa sababu ya korona, wapo waliokohoa kwa vumbi tu na wakakimbiwa na jirani zao.

Na si korona pekee. Mababu zetu walizikana kwa ndui. Kipindupindu kiliisumbua nchi baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998. Mwishoni mwa 2006 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, ikateremka na mifugo mpaka huku pwani. Kwa hivyo kisa nitakachokusimulia leo, ingawa kilitokea kaskazini mwa Uganda, usikisome kama habari za watu wa mbali.

Ilikuwa tarehe 7 Oktoba 2000. Daktari Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu, hakuwapo kazini. Alikuwa Kampala pamoja na mkewe Margaret na watoto wao watano, akisomea shahada nyingine katika Chuo Kikuu cha Makerere. Simu ikalia. Mwenzake wa Lacor, Dkt. Cyprian Opira, alikuwa na habari za ajabu: wanafunzi wa uuguzi wamekufa kwa ugonjwa usiojulikana.

Mtu mwingine angeuliza maswali mawili matatu, akatoa ushauri na kurudi kwenye vitabu vyake. Kwani si yuko likizo ya masomo? Lukwiya alifunga safari. Alipofika hakulala. Yeye na mtawa mmoja wa hospitali walikesha wakipekua mafaili, na kabla hakujapambazuka walikuwa wamepata wagonjwa 17 wenye dalili zinazofanana. Alifungua vitabu vya Shirika la Afya Duniani kuhusu homa zinazotoa damu, akasoma, akatambua kuwa kilicho mbele yake huenda ni Ebola. Hakungoja barua zipande ngazi za wakubwa. Alimpigia simu moja kwa moja Dkt. Sam Okware wa wizara ya afya mjini Kampala. Damu ilipelekwa Afrika Kusini kupimwa, na katikati ya Oktoba jibu likarudi: ni Ebola kweli, ile ya aina ya Sudan.

Wakati wataalamu wa serikali na wa kutoka ng'ambo wanawasili, Lukwiya alikuwa tayari ametenga wodi, ameweka utaratibu wa mavazi na maji ya dawa, na ameomba wauguzi wa kujitolea. Zingatia neno hilo, kujitolea. Hakumlazimisha mtu.

Nataka nikuambie zaidi kumhusu mtu huyu, maana ujasiri wake haukuanza na Ebola. Alizaliwa 1957 upande wa Kitgum. Alifika Lacor 1983 akiwa daktari mwanagenzi. Hospitali hiyo wakati huo iliendeshwa na mume na mke, Dkt. Piero Corti wa Italia na Dkt. Lucille Teasdale wa Kanada, waliokuwa wamefika hapo 1961. Haukupita muda mrefu wazee hao wakamwona kijana huyu kuwa ndiye atakayewarithi. Alikwenda Uingereza, akasoma magonjwa ya nchi za joto kule Liverpool, akafaulu vizuri sana, na angeweza kabisa kubaki huko. Alirudi Gulu, mahali palipokuwa na vita.

Siku ya Ijumaa Kuu ya 1989 waasi walivamia hospitali wakitaka kuwachukua watawa wa Kiitaliano. Lukwiya aliwaambia wamchukue yeye badala yao. Wakamchukua. Alizunguka nao porini kwa muda wa wiki nzima, amevaa koti lake la udaktari, kisha wakamwachilia. Naye akarudi wodini! Miaka iliyofuata alifungua malango ya hospitali ili raia walale ndani ya ua usiku, na kuna nyakati waliolala hapo walipata maelfu.

Sasa turudi kwenye ugonjwa wenyewe. Ebola haisambai kwa upepo. Inapita kwa majimaji ya mwili: damu, matapishi, jasho, choo. Kwa hiyo inawapata hasa watu wenye huruma. Wachunguzi walipoangalia mlipuko wa Gulu waliona njia tatu kubwa za kuambukizwa: kuhudhuria mazishi ya waliokufa kwa ugonjwa huo, kumgusa mgonjwa wa nyumbani, na kumtibu mgonjwa bila kinga ya kutosha. Yaani, ndugu msomaji, anayekimbia anapona, na anayemfuta mamake matapishi anakufa. Sijui ugonjwa mwingine unaotuonea zaidi ya huo.

Hata hivyo Waacholi, wenyeji wa Gulu, hawakuwa mikono mitupu. Katika lugha yao wana neno gemo, ugonjwa unaokuja ghafla kama upepo mbaya na kufagia watu. Wazee wakishasema kuwa hili lililotufika ni gemo, desturi za kawaida husimama na nyingine hushika mahali pake. Mgonjwa hutengwa katika nyumba ya peke yake, mbali na wengine. Nyasi ndefu husimikwa mlangoni, pande zote mbili, ili kila apitaye ajue. Anayempelekea chakula na kumhudumia ni yule aliyewahi kuugua akapona. Ngoma hazichezwi, wageni hawatembeleani, mume na mke hulala mbali. Anayekufa huzikwa pembeni mwa kijiji, si uani. Na aliyepona hungoja mwezi mzima uandame na kuisha kabla ya kuchanganyika na watu.

Soma tena orodha hiyo polepole. Je, ina tofauti gani na yale tuliyoambiwa na madaktari wakati wa korona? Wataalamu wa utamaduni waliokwenda Gulu wakati huo walistaajabu kuona desturi hizo zinakubaliana kwa sehemu kubwa na ushauri wa hospitali. Hapa kwetu vilevile, huko Lamu, mji ulikuwa ukizungushiwa ng'ombe na dua zikisomwa ili kukinga balaa. Kuna wanaocheka mambo hayo. Mimi sicheki, kwa sababu mji uliozoea kukusanyika na kukubaliana jambo moja wakati wa shida una nusu ya dawa tayari.

Pale Lacor, lakini, dawa haikuwapo. Chanjo haikuwapo. Kilichokuwapo ni maji ya dripu, jiki, glavu na watu. Na watu wenyewe walianza kufa. Mwezi wa Novemba, wakati wagonjwa wapya wanapungua na kila mtu anadhani mambo yametulia, wauguzi wa hospitali wakaanza kuanguka. Kuna siku moja walikufa kadhaa. Wenzao wakasema basi. Wafanyakazi wapatao 400 walikusanyika katika ukumbi wa shule ya uuguzi, wenye hasira na hofu, wakitaka hospitali ifungwe.

Jiweke mahali pao kabla ya kuwalaumu. Mshahara wa muuguzi unaujua. Watoto wako nyumbani. Rafiki uliyekula naye chakula cha mchana juzi amezikwa leo na watu waliovaa nguo za plastiki. Lukwiya alisimama mbele yao na kuongea nao kwa saa nyingi. Hakuwaahidi kwamba hawatakufa. Aliwaambia kwamba hospitali ikifungwa, yeye ataondoka Gulu asirudi tena, lakini ikibaki wazi atabaki nayo. Mwisho wa mkutano watu walirudi wodini.

Wakati huohuo lilikuwa limekwisha tokea jambo ambalo hakuna aliyelipima uzito wake. Alfajiri moja ya Novemba aliitwa mbio. Muuguzi mmoja mwanamume, mgonjwa mahututi aliyekuwa akivuja damu, alikuwa ameng'oa kifaa cha hewa na kutoka kitandani. Lukwiya alivaa gauni, glavu, barakoa, aproni na mabuti. Hakuvaa miwani ya kukinga macho. Alimshika mwenzake, akamrudisha kitandani, akamsafisha. Muuguzi yule hakuishi kuiona adhuhuri.

Siku chache baadaye daktari alihisi homa. Mkewe Margaret alikuja kutoka Kampala, naye akavalishwa nguo za kinga kama mgeni, mume na mke wasiweze hata kugusana ngozi kwa ngozi. Inasimuliwa kwamba daktari aliomba Mungu, ikiwa ni lazima afe, basi awe wa mwisho. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na umri wa miaka 43. Alizikwa siku hiyohiyo ndani ya ua wa hospitali, kando ya kaburi la Dkt. Lucille, ambaye mwenyewe alikuwa amefariki 1996 kwa Ukimwi alioupata akiwapasua majeruhi wa vita.

Zaidi ya wafanyakazi kumi wa Lacor walikufa katika mlipuko ule. Majina yao hayatajwi sana, kama ilivyo kawaida. Ulimwengu hukumbuka daktari na kusahau aliyedeki sakafu. Kwa jumla waliougua Uganda walikuwa 425, na waliokufa 224. Mwishoni mwa Februari 2001 nchi ikatangazwa kuwa salama. Wataalamu wanakubali kwamba bila ile simu ya Oktoba idadi ingekuwa kubwa zaidi.

Sasa turudi kwetu. Labda unamjua mama wa kijijini kwako anayepita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni, akiuliza mtoto amechanjwa au la, nani ana homa, choo kipo? Mnamo Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, na malipo yao yakapangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Gawanya kwa siku thelathini uone zinabaki ngapi. Ikiwa lile balaa nililolitaja mwanzoni litaingia Kakuyuni, huyu ndiye atakayefika kwanza, kabla ya ambulensi kutoka Malindi. Je, begini mwake mna glavu za kutosha? Muulize akipita, na umpe kiti akae.

Maana ugonjwa wenyewe haujaenda mbali. Mwaka wa 2022 Ebola ya aina ileile ya Sudan ilizuka Mubende, Uganda, ikaua wahudumu wa afya saba, miongoni mwao daktari kijana kutoka Tanzania aliyekuwa akisomea upasuaji huko. Ikarudi tena Januari 2025, na wa kwanza kutangazwa kuwa amekufa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala. Safari hiyo kulikuwa na tofauti moja ambayo Lukwiya hakuipata: siku nne tu baada ya ugonjwa kutangazwa, chanjo ya majaribio dhidi ya aina hiyo ilianza kudungwa mjini Kampala, na miongoni mwa waliokunja mikono ya mashati yao mwanzo kabisa walikuwamo wahudumu wa afya waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa.