Kipimo Husema ya Majuma Yaliyopita

Mtu akitoka Pate kwa mashua kwenda kupimwa virusi vya UKIMWI, akaambiwa hana, na ashukuru. Lakini aulize: kipimo hiki kimeona mpaka siku gani?

Kipimo cha damu ya kidole hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kupigana na virusi. Askari hao hawatokei siku ile ile. Huchukua majuma kadhaa, hata miezi 3. Basi aliyejihatarisha juzi akipimwa leo, jibu la "hana" halijamaliza neno. Arudi miezi hiyo itimiapo. Wala asikae nyumbani akingoja! Akifika hospitali kabla saa 72 hazijapita, ziko dawa za kuzuia, za kumeza siku 28.

Mwenye kuona haya foleni (na Lamu yetu ni ndogo, kila mtu jirani) aweza kujipima kwa kijiti cha kupitisha kwenye ufizi; Kenya ilianza kuvitoa mwaka 2017. Kikionyesha mistari 2, hiyo si hukumu bado: sharti athibitishwe kliniki, na akikutwa navyo aanze dawa. Mama mjamzito apimwe mara ya kwanza aendapo kliniki, maana dawa zake humkinga mtoto.

Nasi wachungaji tusikie. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza kumlazimisha mtu kupimwa ndipo afungishwe ndoa. Tuwashauri wachumba waende pamoja kwa hiari yao, hata tuwasindikize mpaka mlangoni. Majibu ni yao wenyewe.