Akili unde kliniki: utafiti wa Nairobi una maana gani kwako?

Mama akifika kliniki na mtoto mwenye homa, foleni imefika mlangoni, ni rahisi tabibu kusahau swali moja. Je, mtoto ametapika? Amepewa dawa gani nyumbani? Swali hilo moja linaweza kubadilisha matibabu yote.

Mnamo Julai 2025 kulitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 15 za Penda Health, Nairobi, kwa ushirikiano na kampuni ya OpenAI ya Marekani. Ulihusu ziara 39,849 za wagonjwa. Hospitali zetu za umma, kama vile Ruiru Level 4 na Thika Level 5, hazikuwamo, lakini wagonjwa wa kliniki hizo ni watu kama sisi, wenye magonjwa kama yetu.

Programu iliyojaribiwa inaitwa AI Consult. Tabibu anapoandika rekodi ya mgonjwa kwenye kompyuta, programu huisoma na kuwasha rangi. Kijani: hakuna tatizo. Manjano: kuna ushauri, asome akitaka. Nyekundu: ni lazima asome onyo kabla ya kuendelea. Uamuzi unabaki wake.

Madaktari wengine walipokagua sehemu ya rekodi hizo, waliona kwamba waliotumia programu walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa 16% na ya matibabu kwa 13%. Si haba. Hata hivyo, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, hakukuwa na tofauti ya kutegemewa kati ya makundi hayo mawili. Tukumbuke pia kwamba wenye programu ndio waliofanya utafiti. Jambo jingine ni kwamba kuweka programu tu hakukutosha. Matabibu walihitaji kufunzwa na kuhimizwa ndipo wakazingatia maonyo.

Kwa mkazi wa Gatongora, la muhimu ni hili: mashine husoma kilichoandikwa tu. Ukificha kwamba ulinunua antibiotiki kwenye duka la dawa juzi, haitajua, na tabibu hatajua. Beba kijitabu cha mama na mtoto, pamoja na pakiti za dawa hata kama zimekwisha. Taja mzio, ujauzito, sukari au presha bila kungoja kuulizwa.

Wengi huuliza, je, siri zangu zitakwenda wapi? Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya yako ni data nyeti. Una haki ya kuuliza zinatumiwaje na nani anaziona, na ya kuomba makosa yarekebishwe. Usiporidhika na majibu, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.