Maneno yanapovunja mfupa

Ndugu msikilizaji, wazee wetu walisema maneno makali hayavunji mfupa. Wiki hii naomba niwabishie kwa heshima, kwani historia ya visiwa vyetu inatuonyesha vingine. Nataka tuangalie jinsi propaganda ya siasa inavyomgeuza jirani kuwa adui, na kwa nini watu wenye akili zao timamu huikubali.

Jambo hili wataalamu wa elimu ya jamii wamelichunguza sana kwa kutazama chuki dhidi ya Mayahudi. Nchini Ujerumani, mwaka 1933, Mayahudi hawakufika hata mmoja katika kila watu mia. Hata hivyo chama cha Hitler kiliwatwika lawama ya kila balaa, kuanzia kushindwa vita hadi ukosefu wa kazi. Ilipofika 1945, Mayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa Ulaya.

Mwaka 1949, watafiti wawili, Leo Lowenthal na Norbert Guterman, walichapisha Marekani kitabu kiitwacho Prophets of Deceit. Walipitia hotuba na maandishi ya wachochezi wa Marekani kwenyewe, wakajiuliza watu hao wanafanyaje kazi yao. Waligundua kwamba mchochezi haanzi na uongo mtupu. Huanza na machungu ya kweli aliyonayo msikilizaji. Mtu anayetaka mageuzi ataeleza kipi kimeharibika na kitengenezwe vipi. Mchochezi yeye hukuonyesha nani wa kumchukia. Na adui huyo humweleza kuwa ana nguvu za kuitawala dunia, na papo hapo kuwa ni mdudu tu.

Sasa turudi nyumbani. Sisemi kwamba Unguja ilikuwa Ujerumani. Ninachofananisha ni namna maneno yalivyofanya kazi.

Julai 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza Zanzibar, na hapa Ng'ambo Abeid Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani wa chama cha ZNP, yaani Hizbu. Kuanzia hapo magazeti ya vyama yakavimba kwa matusi. Mwanahistoria wa Marekani, Jonathon Glassman, aliyapitia magazeti hayo, kama Mwongozi, Afrika Kwetu na Agozi, akaandika kitabu kilichotoka 2011 ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Vita vya Maneno, Vita vya Mawe". Anaonyesha kwamba si Mwingereza peke yake aliyetugawa. Wasomi wetu wa pande zote mbili walishiriki. Upande mmoja uliwaita watu wenye asili ya bara wageni wasio na ustaarabu. Upande wa pili ulimfanya kila Mwarabu kuwa mtoto wa mfanyabiashara ya watumwa, anayengoja kuurejesha utumwa.

Machungu yenyewe yalikuwa ya kweli. Utumwa ulikuwapo. Mashamba makubwa ya karafuu yalikuwa mikononi mwa wachache. Mwaka 1958 kuna maskwota waliofukuzwa mashambani kwa sababu ya siasa, na maduka ya Waarabu nayo yakasusiwa. Lakini tazameni lawama iliishia kwa nani. Wamanga wengi walikuwa watu wa hali ya chini waliotoka Oman kutafuta riziki, wenye viduka vidogo huko shamba. Hawakumiliki mikarafuu, wala hawakutawala nchi.

Tarehe 1 Juni 1961, siku ya uchaguzi, ugomvi ulianza mjini kwenye vituo vya kupigia kura, ukasambaa hadi mashamba. Watu 68 waliuawa, karibu wote Waarabu, wakiwamo hao Wamanga wa vijijini. Mwenye duka aliyemkopesha jirani yake mchele na mafuta ya taa aliuawa kwa sababu ya kabila alilozaliwa nalo. Januari 1964 ilimwagika damu nyingi zaidi.

Basi tufanye nini sisi wasikilizaji? Mzungumzaji wa siasa tumpime kwa maswali matatu. Je, anataja kosa lililotendwa na aliyelitenda, au anataja kabila na asili? Je, ameeleza dawa ya shida yetu, au ameonyesha mtu wa kumpiga? Je, adui anayemsema ni mkubwa wa kila kitu na wakati huohuo si kitu?

Mimi ni mtu wa redio, na maneno ndiyo kazi yangu. Nayajua uzito wake, kwani mwaka 1994 redio ya RTLM nchini Rwanda iliwaita Watutsi mende, na waliosikiliza wakashika mapanga. Siku hizi maneno ya barazani yamehamia kwenye simu, na kila mwenye simu ni mtangazaji. Ukiletewa sauti inayosema watu fulani wote ni wabaya, usiipeleke mbele kabla ya kuipima kwa maswali hayo matatu.