Kura Iliyopigwa Kabla ya Kuzaliwa

Mtoto analazwa hospitalini Kilifi, Kenya, akiwa na homa kali. Kipimo kinaonyesha malaria. Damu yake inakutwa pia na bakteria. Je, malaria ndiyo iliyowafungulia mlango, au lishe duni na umaskini vimeleta maradhi yote mawili?

Jibu la uhakika lingehitaji kura: watoto hawa wakingwe malaria, wale waachwe. Hakuna daktari mwenye utu atakayekubali. Lakini maumbile yalikwisha kuipiga kura hiyo. Mzazi mmoja akiwa na nakala moja ya jeni ya selimundu, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, kama sarafu iliyorushwa juu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba nakala moja humkinga mtu dhidi ya malaria. Basi ikiwa malaria ndiyo chanzo, wabebaji wa jeni hiyo wataugua bakteria wa damu kwa nadra.

Ilibaki gharama ya kulipima wazo hilo. Kilifi mwaka 1999, watoto wapatao 2.6 tu kwa kila 1,000 walilazwa kwa bakteria wa damu kwa mwaka. Kupata wagonjwa 292 kwa kufuatilia watoto kijijini kungehitaji watoto zaidi ya laki moja kwa mwaka mzima. Hivyo watafiti walianzia wodini: waliwachukua wagonjwa 292, wakawalinganisha na watoto 528 wasiougua, wa umri na maeneo yanayofanana. Jeni haibadiliki, hivyo kuipima mara moja kunatosha.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2011. Uwezekano wa wabebaji kuugua ulikuwa karibu theluthi moja ya ule wa wenzao. Lakini huenda jeni yenyewe huzuia bakteria moja kwa moja? Hapo takwimu za hospitali za 1999 hadi 2007 zilisaidia: kadiri malaria ilivyopungua, kinga ya wabebaji dhidi ya bakteria nayo ilififia. Jeni ilifanya kazi kupitia malaria.

Unafuu wa njia hii una bei yake. Watafiti walikadiria kwamba malaria ilichangia asilimia 62 ya maradhi hayo ya bakteria, ila makadirio yanaanzia asilimia 8 na kupita 90. Mwelekeo ni wa kuaminika. Makadirio ya ukubwa wake bado ni mapana.

Kati ya 1999 na 2007, waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka 28.5 hadi 3.45 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka. Wa bakteria, kutoka 2.59 hadi 1.45. Anayemkinga mtoto na mbu anamkinga na zaidi ya malaria.