Kimono ya Shibiri Moja

Katika Chuo Kikuu cha Tokyo Kasei, jijini Tokyo, kuna makumbusho yenye nguo zaidi ya 2,000 ambazo hakuna binadamu awezaye kuzivaa. Zimo kimono za kila namna na magauni ya Kizungu, zote kwa kimo cha mwanasesere. Zilishonwa na wanafunzi kati ya mwaka 1897 na 1943. Mwanzilishi wa shule iliyozaa chuo hicho, Watanabe Tatsugoro, alikuwa ameona tatizo ambalo kila mwalimu wa ushoni analijua: mwanafunzi akifundishwa kwa nguo kamili, kitambaa kinaisha, muhula unaisha, naye ameshona nguo mbili tatu tu. Akaamua wajifunze kwa nguo ndogo. Mishono ni ileile, mpangilio wa vipande ni uleule, ila kitambaa ni kipande tu. Mwaka 2000 serikali ya Japani iliziorodhesha nguo hizo miongoni mwa mali muhimu za utamaduni wa taifa.

Nguo zile hazikukusudiwa kuvalishwa wanasesere. Zilikuwa daftari la mazoezi. Lakini zinaonyesha jambo ambalo wapenzi wa ushoni wa nguo za wanasesere nchini humo wanalisisitiza hadi leo: nguo ndogo haisamehe kosa. Mshono uliopinda milimita mbili kwenye kanzu ya mtu mzima hauonekani. Kwenye nguo ya mwanasesere, milimita mbili ni bega zima kukaa upande.

Ili kuelewa ugumu wenyewe, kwanza tuitazame kimono ya mtu. Hukatwa kutoka jora jembamba, upana wa sentimita 36 hivi na urefu wa mita 12 hivi, na karibu kila mkato ni mstari ulionyooka. Vipande viwili virefu huanzia pindo la mbele, hupanda begani na kushuka hadi pindo la nyuma, bila mshono wowote begani. Huongezwa mikono miwili ya mstatili, vipande viwili vyembamba vya kupanua upande wa mbele, na kola ndefu. Basi. Kitambaa kinachozidi kwenye kola hakikatwi, hukunjwa ndani. Zamani kimono ikitakiwa kufuliwa vizuri ilifumuliwa yote, vipande vikaungwa tena kuwa jora moja, vikafuliwa, vikatandazwa vikavutwa, kisha nguo ikashonwa upya.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangazwa na nguo inayokiheshimu kitambaa kilivyo, bila kukichonga kufuata kiuno na makalio. Kanga ina tabia hiyohiyo. Na kuna uhusiano wa kweli hapa: katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi zilizouzwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam.

Kwa kuwa kimono ni mistatili mitupu, mtu angedhani kuipunguza ni kazi ya rula. Chukua mwanasesere wa shibiri moja, sentimita 22, kimo cha Licca, mwanasesere maarufu wa Kijapani aliyeingia madukani mwaka 1967. Akilinganishwa na mwanamke wa sentimita 160, yeye ni kama sehemu moja ya saba. Jora la sentimita 36 linakuwa utepe wa sentimita 5. Mita 12 zinakuwa mita moja na zaidi ya nusu. Hesabu imekwisha, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu mwili umepungua mara saba lakini kitambaa hakikupungua. Hariri yenye unene wa nusu milimita, ikishonewa mwanasesere huyo, ni sawa na mtu kuvaa nguo ya unene wa milimita tatu na nusu, yaani zulia. Ua la sentimita 10 linalopendeza mgongoni mwa bibi harusi litamfunika mwanasesere kifua chote na tumbo.

Kwa hiyo fundi wa nguo hizi huanza kwa kutafuta kitambaa, na utafutaji huo ni nusu ya kazi. Mjini Kyoto, tarehe 21 ya kila mwezi, kuna gulio katika hekalu la Toji, na tarehe 25 jingine katika madhabahu ya Kitano Tenmangu. Huko huuzwa kimono kuukuu, na wanunuzi wengine hawana nia ya kuzivaa: wanakwenda kuzifumua. Kinachosakwa sana ni bitana nyekundu za kimono za zamani, hariri nyepesi iliyolainishwa na miaka. Husakwa pia vitambaa vyenye nakshi za vitone vidogo sana, mtindo wa enzi ya Edo, ambavyo kwa mbali huonekana vya rangi moja. Kwa mwanasesere, vitone hivyo ndivyo vinavyokuwa maua.

Kisha huja ujanja wa mkono, nao ni mwingi. Kimono ya mtu hushonwa hivi kwamba kitambaa hukunjwa kidogo juu ya mshono ili uzi usionekane. Kwa mwanasesere mkunjo huo ungetokeza kama kamba, hivyo fundi hupiga pasi kila mshono mara amalizapo, hupunguza ukingo na kuupaka gundi kidogo usichanike nyuzi. Mwanamke wa Kijapani huvaa kimono ndefu kuliko mwili wake, akaikunja kiunoni chini ya mkanda mpana uitwao obi. Mkunjo wa kweli ungempa mwanasesere tumbo la mjamzito, kwa hiyo wengi huikata nguo kiunoni na kushona mkunjo wa bandia. Nguo ya ndani nayo hubaki jina tu: ukanda mweupe unaochungulia kwenye kola, basi. Obi ya mtu, yenye urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, hufungwa kwa kuzungushwa. Ya mwanasesere hushonwa ikiwa imekwisha kufungwa, kwa kifungo kidogo cha kubana mgongoni.

Huo si udanganyifu. Ni ufundi wa kujua jicho linahitaji kuona nini.

Wanaoujua zaidi ufundi huo ni mafundi wa wanasesere wa Hinamatsuri, sikukuu ya wasichana inayoadhimishwa Machi 3. Familia hupanga wanasesere wa mfalme na malkia juu ya ngazi zilizotandikwa kitambaa chekundu. Seti kamili ina wanasesere 15 katika ngazi saba: watawala wawili, wanawake watatu wa ikulu, wanamuziki watano, mawaziri wawili na watumishi watatu. Malkia huvaa vazi la tabaka nyingi la enzi ya Heian, iliyoanza mwaka 794, linaloitwa kwa Kijapani “mavazi kumi na mawili”. Katika Iwatsuki, mji wa wanasesere ulioko Saitama, kaskazini mwa Tokyo, kazi hugawanywa: yuko fundi wa vichwa, wa nywele, wa mikono na miguu, wa vifaa vidogo, na fundi wa mavazi anayeunganisha yote. Hariri yake hubandikwa karatasi ya Kijapani upande wa ndani ili iwe ngumu na isimame kama vazi la ikulu. Mwili ni kifurushi cha majani makavu kilichokazwa, na mikononi mna waya. Mavazi yote yakishakaa, fundi huikamata mikono na kuikunja. Kwa mkunjo huo, makunjo yote ya mikono ya nguo hupata mahali pake. Wenye jicho wanasema mkunjo wa mikono ndiyo saini ya fundi.

Wanasesere hawa walipata kuisumbua hata serikali. Matajiri wa enzi ya Edo walishindana kwa wanasesere wakubwa na wa fahari mno, hadi mwaka 1721 ikapigwa marufuku kutengeneza wanaozidi sentimita 24 hivi. Mafundi walijibu kwa njia iliyowafaa: ikiwa ukubwa ni kosa, basi udogo uwe ndiyo fahari. Wakazaliwa wanasesere waliopewa jina la mbegu ya mpopi, wadogo wa kukaa kiganjani, wakiwa wamevishwa kikamilifu.

Nguo za wanasesere zimewahi pia kubeba ujumbe wa mataifa. Mwaka 1927, baada ya Marekani kuwafungia Wajapani mlango wa uhamiaji, mmishonari wa zamani Sidney Gulick alisimamia kupelekwa Japani kwa wanasesere 12,739, wengi wakiwa wamevishwa nguo zilizoshonwa na watoto wa Kimarekani na mama zao. Mfanyabiashara Shibusawa Eiichi aliandaa jibu: wanasesere 58 wa sentimita 81 hivi, wamevaa kimono za hariri zenye mikono mirefu. Mmoja wa waliowatengeneza, Hirata Goyo, alitambuliwa mwaka 1955 kuwa hazina hai ya taifa. Vita kati ya Japani na Marekani vilipofika, amri ilitolewa wanasesere wa Kimarekani waharibiwe. Waliosalimika ni 300 na kitu tu, kwa sababu walimu na majirani waliwaficha.

Baada ya vita mikono ya Kijapani ilirudi kazini kwa soko la dunia. Nguo za kwanza za Barbie, aliyezinduliwa New York mwaka 1959, zilishonwa Japani, nyingi na wanawake waliofanya kazi hiyo majumbani mwao, zikiwa na bitana, vifungo na zipu ndogo za kweli.

Anayetaka kujaribu aanze na yukata, kimono ya pamba isiyo na bitana. Pamba nyembamba iliyofuliwa mara nyingi inafaa kuliko mpya, na ua lake lisizidi punje ya mchele. Apige bandi kwanza kabla ya kushona, na pasi iwe karibu muda wote. Akimvisha mwanasesere wake, ahakikishe upande wa kushoto wa mvaaji unapita juu ya wa kulia. Nchini Japani, kulia juu ya kushoto huvalishwa maiti tu.